Blanketi la Damari

Mmisionari mmoja alikuwa na kalamu tamu. Aliitwa Aksel, na kanisa la kwao Ulaya lilimtuma kwenye milima ya baridi, kule ambako mwezi wa sita majani hupambazukiwa yakiwa meupe kwa barafu. Mwaka wa kwanza alihubiri, watu wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakaenda zao shambani. Hakubatizwa hata mmoja. Na kila baada ya miezi mitatu ilimpasa kuandika barua, ambayo kwao ilisomwa kwa sauti mbele ya kanisa zima. Angeandika nini? Aliogopa kurudishwa nyumbani kwa aibu. Basi akamwandika Damari.

Damari hakuwepo. Alikuwa bibi wa kwenye karatasi, mjane, kipofu, aliyeamini mahubiri ya kwanza tu na ambaye sasa, kwa mujibu wa barua, aliimba zaburi akiota jua mlangoni pake. Ndugu zangu, watu wa kanisa la kwao walimpenda Damari kuliko walivyompenda Aksel mwenyewe. Walimwombea kwa jina kila Jumapili. Akina mama wakakaa, wakamfumia blanketi la sufu, wakalituma, na mwaka uliofuata wakatuma jingine.

Blanketi la kwanza lilipofika, Aksel alishtuka. Akimpa mtu, si wataanza kuulizana lilikuwa la nani? Akalifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ufunguo akautia mfukoni. La pili likafuata, na la tatu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na mimi sijui kama kuna tofauti kubwa.

Sasa, kwenye kona ya njia iendayo kanisani alikaa kila asubuhi bibi mmoja jina lake Sekinyaga, akisubiri jua. Akisikia viatu vya Aksel alisema, "Kamwene, Bwana," ndiyo salamu ya kule. Naye Aksel, kwa desturi ya kwao, aliinua kofia bila kusema neno, akapita haraka, maana ana barua ya kuandika. Miaka saba alimwinulia kofia. Hakusimama hata siku moja, kwa hiyo hakujua kwamba yule bibi haoni.

Mwaka ule wa saba baridi ilikuwa kali mno. Asubuhi moja ya mwezi wa saba Aksel alikuwa mezani, akieleza jinsi Damari alivyojifunika blanketi lake la sita na kumshukuru Mungu. Vilio vikasikika kutoka bondeni. Akainuka, akafunga dirisha, apate kuandika vizuri.

Jibu la barua ile lilimkuta mwezi wa kumi. Alilisoma mara moja. Mzee wa kanisa lililomtuma alikuwa amekwisha shuka pwani na angefika juma lile lile. Hakuja kukagua kazi. Aliandika tu kwamba alitaka kumshika mkono Damari kabla bibi huyo hajafa.

Siku zile Aksel hakula. Kila mbwa alipobweka alichungulia njiani. Alifikiria kusema Damari amekufa, lakini kaburi angelionyesha wapi? Siku ya nne, wapagazi walipokuwa wakisikika tayari wanapanda mlima, akamwita Mwalimu Mligo, msaidizi wake wa kanisani, mwenyeji wa pale. Akamwuliza kama katika kijiji kizima hakuna bibi yeyote kipofu.

Mligo akamjibu:

"Alikuwepo, Bwana. Ndiye yule aliyekuwa akikusalimu pale konani, nawe hukuwahi kumwitikia. Tulimzika mwezi wa saba. Hakuwa na cha kujifunika."

Aksel akaliendea sanduku. Ufunguo ukamshinda mara mbili. Alipofungua, mablanketi sita yalikuwa yamekunjwa vilevile kama yalivyotumwa, mengine yameanza kuliwa na nondo. Jina la Damari lilikuwa limetariziwa kwenye pindo la kila moja. Nje, mgeni alikwisha fika uani, blanketi la saba begani, akiuliza kwa furaha yuko wapi dada yetu.

Nimehubiri miaka thelathini na moja, na mfano huu haujaacha kunitisha. Barua zile mnazijua. Ni sala zetu. Bwana, wakumbuke wajane, wakumbuke wasio na nguo. Tunazitamka vizuri, Jumapili kwa Jumapili, na Yule tunayemwandikia anazisadiki, anawatumia hao watu vitu kwa mikono yetu. Tena yuko njiani. Siku akisimama uani kwako na kumwulizia yule uliyemwombea, utamwonyesha nani?