Fisi na Wenzake

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mabaraza na makarani wao, Pimbi alikaa na watoto wake wanne katika ufa wa jiwe, juu ya chemchemi ya bonde. Fisi hakuweza kuingia mle hata ajibane vipi, na watoto wale aliwatamani mno.

Basi akafungua kesi katika baraza la Nyati: "Fisi na wenzake wote wanywao maji ya bonde wanataka Pimbi ahame, kwa sababu ya uchafu." Pimbi akaenda barazani siku mbili. Maji yakatazamwa, yakaonekana safi, kesi ikafutwa.

Fisi akaenda kwa Kifaru na kesi ile ile, ila safari hii aliandika "taka". Siku mbili nyingine. Ikafutwa.

Pimbi aliporudi nyumbani alikuta alama za kucha za mke wa Fisi mlangoni. Watoto, kwa njaa, walikuwa wamechungulia nje, na kitindamimba alikuwa na jeraha sikioni. Hapo Pimbi akaelewa. Kumbe Fisi hakutaka kushinda kesi. Alitaka mama atoke nyumbani!

Wiki haikupita, Fisi akafungua ya tatu, kwa Tembo. Pimbi alifika amebeba kapu kubwa lililofunikwa kwa kanga.

"Ke-ke-ke!" aliita karani, ndege Kanga. "Fisi na wenzake dhidi ya Pimbi!"

"Mheshimiwa," alisema Pimbi, "kesi hii imekwisha kufutwa mara mbili."

"Hapana!" alidakia Fisi. "Zile zilikuwa za uchafu na taka. Hii ni ya takataka."

Tembo alipenda kufuata maandishi. Akatikisa masikio, fwa, fwa. "Kweli, neno ni jingine. Tutaisikiliza kwa siku nne."

Siku nne! Fisi akalamba midomo.

"Sawa, mheshimiwa," alisema Pimbi kwa upole. "Ila naomba nimuulize Bwana Fisi. Hao wenzako ni akina nani? Nasikia ni shemeji zako wawili tu."

"Wawili? Mfyuu!" Fisi alisonya. "Kila anayekunywa maji ya bonde ni mwenzangu!"

"Hata anayekunywa kidogo?"

"Hata tone!"

"Hata wakubwa wenye heshima zao?"

"Hao ndio wa mbele kabisa! Andika, karani!"

Kwaru, kwaru, kwaru, Kanga akaandika.

Pimbi akamgeukia Tembo. "Mheshimiwa, samahani. Leo asubuhi umekunywa maji wapi?"

"Pale chemchemini, kama siku zote..." Masikio ya Tembo yakasimama. "Karani, hebu nisomee tena hao wadai."

"Wote wanywao maji ya bonde, mheshimiwa. Hata wakubwa."

"Kumbe mimi nami nimemshtaki Pimbi?"

"Mara tatu, mheshimiwa," alijibu Pimbi. "Na mimi pia nakunywa pale. Nimejishtaki mwenyewe, na nyumba yangu sijaichoka."

Prraaa! Tembo alipiga mbiu kwa mkonga hadi vumbi likaruka. "Fisi! Nilikutuma lini?"

"Mhe... mheshimiwa, ni... ni namna ya kuandika tu..."

"Kesi imefutwa! Na tangu leo, hufungui nyingine katika baraza lolote mpaka uwalete wenzako wote, mmoja mmoja, kila mmoja aseme kwa kinywa chake kwamba amekutuma."

Fisi aligeuka nyuma kutafuta hata mmoja. Hapakuwa na mtu.

"Hata mkeo hayupo?" aliuliza Pimbi. "Basi mpelekee salamu. Nadhani yuko mlangoni kwangu tangu alfajiri, anawangoja wanangu."

Akafunua kapu. Vichwa vinne vikachomoza, kimoja kina sikio lililofungwa kitambaa.

Nanyi wanangu, mtu akisema anawasemea wote, muulizeni kwanza nani kamtuma.