Fisi Alivyoziba Bwawa la Uvundo

Mwaka huo jua liliwaka hata mawe yakatafuta kivuli. Mto ulikauka, nyasi zikawa vumbi, na wanyama wakabakiwa na samaki wachache pamoja na mchicha wa Mama Sungura, ulionyweshwa kwa maji ya mabwawa matatu.

Bwawa la kwanza ndilo lililokuwa choo cha mji mzima. Kila alfajiri wanyama walipanga foleni, na Simba alipofika wote waligeuka nyuma na kunong'ona, "Mfalme anatafakari." Maana Simba, kwa majivuno yake, alishikilia kwamba wafalme hawaendi haja.

Mlinzi wa bwawa hilo alikuwa Fisi. Siku moja alimuuliza Sungura, "Dada, mchicha wako unanenepa kwa dawa gani?"

"Dawa iko kwako, kaka. Uchafu unaoza bwawani mwako. Maji yake yakishuka bwawa la pili, ukijani unaoelea humo unajilia rutuba. Ukijani ukishuka la tatu, samaki wanashiba. Maji yanayobaki nanyweshea mchicha. Tunakula, na alfajiri tunakurudishia."

"Kumbe utajiri wote ni wangu!" Fisi akadondokwa na mate.

Hata jua halijatua, alikwisha kuziba mfereji wa kwenda bwawa la pili kwa mawe na udongo, akakaa juu ya kizibo kungoja mchicha uote kwake.

Mchicha haukuota. Yaliota mapovu. Bwawa lilivimba, likanguruma kama tumbo la mla maharage. Huko chini ukijani ukapauka, samaki wakakonda, mchicha ukawa njano. Watoto saba wa Sungura wakalala njaa.

Simba akaita baraza ukingoni. Fisi, bado amekalia kizibo, akawahi kusema, "Mtukufu, Sungura ameiba rutuba! Na aliwe!"

"Sungura, jitetee upesi," alinguruma Simba. "Nina njaa."

Sungura aliona udongo mbichi chini ya makalio ya Fisi. Akameza kicheko.

"Nitaapa, Mtukufu. Ila kwa desturi yetu mshtaki huapa kwanza. Aruke mara tatu palepale alipo."

"Hilo tu?" Fisi akaruka. "Moja!" Bwawa likacheua. "Mbili!" Simba akaziba pua. "Tatu!"

Kizibo kikaachia, bwaa! Fisi akasombwa mweusi tititi, akaibuka bwawa la pili kijani kibichi, akapita la tatu samaki wakimdonoa masikio, akatua katikati ya mchicha, safi kuliko siku aliyozaliwa.

Wanyama walicheka wakajishika mbavu. Simba alicheka mpaka akabana miguu, akatoka mbio.

"Mtukufu, unakwenda kutafakari?" aliuliza Sungura.

"Kunya, mama! Nakwenda kunya!"

Baada ya siku chache mchicha ulirudia rangi yake, na watoto saba wakashiba. Fisi alipewa jembe la kuzibulia mfereji, na zamu yake ya kula ikawa ya mwisho, nyuma ya Konokono.

Mtaka yote hukosa yote.