Mbwa Aliyefungiwa Sabato

Wahenga walisema kila jambo na wakati wake. Methali hii ni nyepesi mdomoni na nzito mkononi. Maana yake ni kwamba kitu chema kikifanywa saa zote huacha kuwa chema. Kulala ni kuzuri, lakini alalaye mchana na usiku twamwita mgonjwa. Kutembea nako ni kuzuri, ila asiyejua kutua huzeeka bila mlango wa kubisha. Wengi huitamka methali hii na kupita zao. Josiah Onsongo wa vilima vya Birongo hakuielewa mpaka siku aliporusha mkuki.

Ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na saba. Josiah alikuwa shemasi wa kanisa la Wasabato, mtu wa majani chai na migomba, mnyoofu kama uzi wa fundi. Tangu kabla ya uhuru alichunga ng'ombe wa mzungu kule Sotik, na mzungu yule alipouza shamba na kurudi kwao mwaka uliotangulia, alimwachia mtoto wa mbwa. Alikuwa jike, wa aina ile ya kuchunga kondoo, mweusi tititi mwenye shingo nyeupe kama aliyevishwa kitambaa. Jina lake la kizungu lilikataa kukaa ulimini. Orpah, mke wa Josiah, akamwita Posta, kwa sababu haikupita saa moja bila yeye kufika kila nyumba kijijini.

Mwanzoni Posta hakufungwa. Alikuwa na mbio kama cheche za moto wa kiangazi. Kondoo hawakuwapo, basi akakusanya alivyovikuta: ndama, watoto, mabata. Alasiri moja kuku kumi na wanne wa jirani yao Manasseh walikutwa uani kwa Josiah, wamesimama pamoja kama wanafunzi gwarideni, hata mmoja hakuchubuka.

Manasseh alikuja na kapu kuwachukua. "Shemasi," alisema, "ukitaka zaka ya kuku si uniambie tu? Kwa nini unatuma mtoza ushuru mwenye mkia?"

Josiah alicheka siku hiyo. Hakucheka Sabato iliyofuata, Posta alipowazunguka waumini njiani, akina mama na wazee, akawabana mpaka wakasimama fungu moja mbele ya ngazi za kanisa. Katikati yao alikuwa Cleophas, mzee wa kanisa, ameinua Biblia juu ya kichwa kama mtu avukaye mto. Watoto walicheka hadi wakati wa sala.

Baada ya ibada Cleophas alimvuta Josiah kando. "Amri ya nne inawataja hata wanyama, Shemasi. Nao wapumzike. Huyu wako anafanya kazi Sabato mbele ya macho ya watu."

Maneno hayo yalimchoma Josiah kama mwiba wa mkonge. Sokoni Birongo ilikuwa imeletwa injini ya kusagia mahindi, na sanduku lake kubwa la mbao lilikuwa limetupwa nyuma ya duka. Alilibeba nyumbani, akalitoboa matundu, akaliezeka bati, akalitia mlango na komeo la mti. Akakiweka kizimba hicho nyuma ya jikoni, hatua sita kutoka nyumba ya mama yake mzazi, Nyanchera. Tangu hapo, kila Ijumaa jua likizama Posta aliingizwa ndani, na hakutoka mpaka Jumamosi jua lizame tena.

Jambo lenyewe halikuwa baya. Ubaya ulianza Jumamosi jioni. Posta alitoka kama risasi, akavunja mitungi, akamwangusha Orpah na debe la maziwa. Josiah akaongeza Jumapili iwe adhabu. Posta akatoka mbaya zaidi. Josiah akaongeza Jumatatu. Kadiri Posta alivyofungiwa ndivyo alivyotoka na wazimu, na kadiri alivyotoka na wazimu ndivyo alivyofungiwa. Masika yalipofika, Posta alikuwa ndani siku tano kati ya saba.

Ndipo sauti ikaanza. Kwaru, kwaru, kwaru. Zilikuwa kucha juu ya mbao, zikizunguka upande mmoja, mwendo mmoja. Haikuwa sauti kubwa, wala haikukoma. Ilisikika mezani, ilisikika katikati ya sala.

"Baba Gesare, sikia," Orpah alisema.

"Nasikia mbwa."

"Mbwa hubweka. Huyu ni siku ya tatu habweki. Anatembea tu. Anakwenda wapi?"

Josiah alikwenda akachungulia tunduni. Jicho lilipita, likamtazama bila kupepesa. Likapita tena. Likapita tena. Lilikuja kwa kipimo kimoja kama mshale wa saa, na kila lilipopita lilimtazama kama litazamavyo mtu lisiyemjua. Alirudi ndani akafungua kitabu cha nyimbo, akaimba peke yake kwa sauti kubwa ili asisikie.

Halafu, Sabato moja asubuhi, kukawa kimya. Josiah alichungulia akamkuta Posta amejikunja, analala usingizi mzito. Furaha ilimjaa. Kanisani alisimama kutoa ushuhuda kwamba kwa uvumilivu hata mnyama hujifunza kuitunza siku takatifu. Cleophas aliitikia amina.

Siku ileile mwanamke wa kijijini, Mokeira, alikwenda chemchemini alfajiri. Yeye alikuwa Mkatoliki, na Jumamosi kwake ilikuwa siku ya maji. Ukungu ulikuwa mzito kama uji wa wimbi. Alipoinama kuteka alisikia kitu kikikimbia katika majani, kikimzunguka, kikihema. Aliinua macho akaona duara jeupe, halina kichwa wala kiwiliwili, likipita hewani kimo cha goti. Juu ya ukingo palikuwa na kitu kingine, kirefu, cheupe, kisicho na miguu, kimesimama tu. Kisha vyote viwili vikatoweka. Mokeira aliuacha mtungi wake palepale, na kwa siku mbili hakuna aliyethubutu kwenda kuuchukua.

Jumatatu mtu mwingine aliviona. Sabato iliyofuata, wengine wawili. Kila mara ilikuwa alfajiri, katika ukungu, na nyayo zilizobaki topeni zilipanda kuelekea kwa Josiah.

Josiah aliapa kwamba mbwa wake alikuwa ndani. Hata hivyo, Jumatatu iliyofuata alikwenda kizimbani kukipambazuka. Komeo lilikuwa mahali pake. Bati lilikuwa kavu. Alimgusa Posta aliyelala, na mkono wake ukarudi umelowa. Mbwa alikuwa chapachapa mpaka kwenye ngozi, ana tope kwenye vidole na mbegu za majani kwenye manyoya ya tumbo.

Alimfuta kwa gunia, akalificha gunia, asimwambie mtu. Mzungu yule alimpa kitu gani? Ni mnyama gani atokaye kwenye sanduku lililofungwa na kurudi bila kugusa komeo? Wala hofu yake haikuwa ya mbwa peke yake. Katika vilima vile, boma likishaitwa boma la uchawi haliitwi tena jina jingine. Hakuna wa kulisalimu, hakuna wa kuoa kwake, na siku moja paa huwaka moto na hakuna aliyeona mtu. Gesare, binti yake, alikuwa na miaka minane. Mama yake alikuwa mjane mkongwe, na uvumi wa namna ile hutafuta vikongwe kwanza.

Alhamisi Cleophas alifika kwake pamoja na Manasseh. Hawakukubali kuketi.

"Nyayo zinapanda huku, Shemasi," Cleophas alisema.

"Mbwa wangu amefungwa, Omogaka, mzee wangu. Komeo nalipiga mwenyewe."

"Hakuna aliyetaja mbwa."

Manasseh alijaribu kupooza mambo. "Mimi kuku wangu nimewafungia chini ya kitanda. Mke wangu analala na jogoo, mimi nimepelekwa jikoni. Mtusaidie jamani, ndoa inakufa."

Cleophas hakutabasamu. "Sabato hii alfajiri tutalingoja dude hilo pale chemchemini. Wewe utakuwa mbele. Kama halina shina kwako, utalichoma mkuki tukiona, na maneno yataisha. Usipokuja, tutajua kwa nini hukuja."

"Mikuki siku ya Sabato?"

"Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, humtoi?"

Sabato ikafika. Josiah aliuchomoa mkuki darini akatoka. Hakupitia kizimbani. Aliogopa kukikuta na mbwa, akaogopa zaidi kukikuta kitupu.

Wanaume walikuwa watano. Walisimama chini ya ukingo, kila mmoja mbali kidogo na mwenziwe, na ukungu ukawafunika mpaka mtu hauoni mkono wake. Maji ya chemchemi yalitiririka. Ndege hawakulia. Baada ya muda kukasikika majani yakilala, upesi, upesi, upande wa kulia. Kisha nyuma. Kisha kushoto. Kitu kilikuwa kikiwazunguka, kikihema, na kila mzunguko ulikuwa mdogo kuliko uliotangulia. Mbwa wa kawaida akikuta watu gizani hubweka. Hiki hakikubweka. Duara jeupe lilipita likapotea, likapita tena. Wanaume walirudi nyuma, tena, tena, na ghafla wakajikuta bega kwa bega, wamesongamana bila mtu kuwaamuru.

"Linatukusanya," Manasseh alinong'ona, na safari hii hakutania.

Juu ya ukingo ukungu ulipasuka kidogo. Kile kirefu cheupe kilikuwa kimesimama pale, hakina miguu.

"Shemasi," Cleophas alisema. "Sasa."

Josiah alimfikiria Gesare. Alifikiria paa la nyumba ya mama yake. Akajikaza moyo, akarusha.

Mkuki ulilia hewani, ukatua kwa kishindo kidogo. Mbio zikakoma. Kwa muda palibaki maji tu yakitiririka.

Kisha sauti ya kizee ikateremka kutoka ukingoni, polepole, bila hasira.

"Josiah. Huo ni mkuki wa baba yako. Nimeujua kwa mlio wake."

Josiah alipanda ukingo kwa mikono na magoti. Nyanchera alikuwa amejitanda shuka jeupe kichwani kwa ajili ya baridi, nalo lilishuka mpaka majanini. Mkuki ulikuwa umelipigilia shuka hilo chini, nusu shibiri kutoka kwenye mguu wake. Kando yake aliketi Posta, ulimi nje, shingo yake nyeupe ikimeremeta kwa umande, anamtazama bwana wake kwa furaha kama mtoto aliyemaliza kazi aliyotumwa.

Wengine walipanda nyuma ya Josiah. Cleophas ndiye aliyeuliza kwanza.

"Magokoro, bibi yetu, unafanya nini huku na mnyama, siku ya Sabato?"

"Nampumzisha," bibi kizee alijibu.

"Huko ni kupumzika?"

"Mzee wa kanisa, mimi nalala hatua sita kutoka lile sanduku. Mlisema apumzike. Nilimsikiliza Sabato ya kwanza, nikamsikiliza ya pili, mpaka nikaacha kuhesabu. Ametembea humo ndani hadi Kisumu na kurudi. Basi nikaanza kumfungulia alfajiri, akimbie kidogo, kisha namrudisha na kupiga komeo kabla mwenye sheria hajaamka. Siku hizo ndizo alizolala. Mwanangu akasimama kanisani akasema mbwa amejifunza."

"Kwa nini hukuniambia, mama?" Josiah aliuliza.

"Ungeniambia imeandikwa." Aliwatazama mmoja mmoja, mikuki yao ikilenga chini. "Sasa tazameni wenyewe. Mbwa ameketi. Ni wanaume watano ambao hawajapumzika Sabato hii."

Hakuna aliyecheka, hata Manasseh. Josiah aliung'oa mkuki. Akageuka. "Huyu ni mama yangu na huyu ni mbwa wangu. Mlivyoviona vilitoka kwangu, na mkuki umetoka kwangu. Mwenye neno aniletee mimi."

Cleophas alivua kofia. Akasema kwamba kanisani siku hiyo angeeleza mwenyewe, kwa kinywa chake, na kwamba Mokeira angeambiwa kabla ya jua kupanda. Alifanya hivyo. Wapo waliosadiki, na wapo ambao hata leo hawapiti chemchemi ile kukiwa na ukungu.

Kwa majuto Josiah aling'oa mlango wa kizimba siku ya Jumapili, akamwacha Posta huru usiku na mchana. Hazikupita siku tatu, ndama wa watu wakawa wamejaa uani na mbwa mwenyewe anatetemeka kwa kukosa usingizi. Mama yake akamwambia, "Umeruka mfereji wa kulia ukatumbukia wa kushoto. Mbwa mchanga ni kama mtoto, asiyelazwa huwa kichaa, na asiyechezeshwa huwa kichaa vilevile. Rudisha mlango."

Akaurudisha. Alfajiri Posta alikimbia na Nyanchera, Sabato na siku nyingine. Jua likichomoza aliingia ndani, akatafuna mfupa wake, akalala watu wakichuma chai. Alasiri alitolewa kuwakusanya ng'ombe, safari hii wa nyumbani tu. Usiku alirudi ndani. Wiki za kwanza alinung'unika mlango ulipofungwa. Kisha akaacha.

Sabato moja ya mwezi wa saba, Josiah alirudi kutoka kanisani, na ukungu ulikuwa umeshuka mchana kama ushukavyo mara chache. Boma lilikuwa kimya, kimya kile kile kilichowahi kumdanganya. Alikwenda kizimbani taratibu. Mlango ulikuwa wazi, hakuna aliyeufunga. Ndani, katika giza, Posta alikuwa amejikunja kwa hiari yake, mbavu zikipanda na kushuka.

Nyanchera alikuwa mlangoni kwake. "Pita polepole," alimwambia mwanawe. "Huyo sasa yuko Sabato."

Josiah alivua viatu akapita. Mbio zina saa zake na kizimba kina saa zake. Kila jambo na wakati wake.