Kwa Nini Ngozi ya Chura Haikauki

Hapo kale, vinamasi vilipokuwa bado havina majina, ngozi ya chura ilikuwa kavu, laini na yenye kung'aa. Hata mjusi aliionea wivu.

Basi ukaingia ukungu majini. Uliwaota viumbe mwilini kama unavyoota kwenye kiporo kilichosahaulika. Chura mmoja jike alifiwa na watoto wake saba, akabaki na wa mwisho, Kitone, naye mgongo ulikwisha kuanza kuwa mweupe.

Akambeba hadi kwa Namsifu, mkunga aliyejua mizizi ya milimani.

"Bibi, nimezika saba. Huyu sitaki kumzika."

Namsifu akatwanga mizizi, akampaka mtoto. Waliporudi majini, dawa ikaoshwa. Akampaka tena, ikaoshwa tena. Siku ya tatu mkunga aliweka mchi chini.

"Mwanangu," akasema, "kwa mkazi wa maji, dawa ya kupaka haifai. Inywe wewe, mwili wako uitoe kama jasho, kisha mkumbatie. Lakini ngozi yako hiyo haitarudi. Utakuwa baridi, utakuwa na utelezi, na watu watakukunjia uso."

"Na wakunje," alijibu Chura.

Akanywa. Uchungu ulimtoa machozi. Ngozi ikatota, ikatoka vipele, na kwenye vipele ukachuruzika ute. Akamkumbatia mwanawe, na ukungu ukamwachia.

Lakini ukungu nao una akili. Haukupita mwezi, ukawa umeizoea dawa ile, ukarudi. Chura akanywa mzizi wa pili juu ya wa kwanza. Ukarudi tena, akanywa wa tatu. Sasa zikachanganyika dawa nyingi mwilini mwake, ukungu usijue uanze kupambana na ipi.

"Mama, umekuwa baridi," Kitone alinong'ona.

"Nimekuwa, mwanangu. Sogea hivyo hivyo."

Akasogea, akalala.

Na tangu siku hiyo ngozi ya chura haikauki. Akina mama wa mabonde mengine walikuja kuuliza, kila mmoja akanywa mizizi ya kwao. Ndiyo maana ute wa chura wa huku si sawa na wa kule. Ukungu haujakata tamaa hadi leo, nao vyura hawajaacha kuchanganya.

Kwa hiyo ukimshika chura, mkono ukateleza, usimtupe. Mweke chini taratibu. Hicho ulichokigusa alipewa na mama yake.