Kiti Kimoja cha Kasindiro

Nipeni masikio, wakubwa kwa wadogo, ila msitarajie kucheka. Kisa hiki hunitia kichefuchefu kila nikikisimulia.

Katika mji wa Kasindiro walikuwapo watu watatu. Mama Kavira, muuza mawese, alijua kusema na mtu yeyote, hata mwenye hasira. Paluku, fundi wa kuchomelea, alijua kuunga chuma chochote kilichovunjika. Musafiri, dereva wa lori, alijua kupita pasipopitika.

Kwa miaka mitatu daraja la mto Lwabi lilikuwa limelala majini. Kanali Radi, mkuu wa waasi, ndiye aliyelilipua, kisha akapiga kambi ng'ambo. Chumvi ikaisha mjini, kahawa ikaoza maghalani, surua ikapita nyumba hadi nyumba ikizoa watoto. Redioni serikali ilitangaza kwamba uchumi wa nchi unakua.

Wa kwanza kuchoka alikuwa Mama Kavira. Alivuka mto kwa mtumbwi hadi kambini kwa Radi, mtu aliyeamuru mumewe auawe. Radi alimwandalia nyama, akasema hatazungumza na mgeni asiyekula chakula chake. Mama Kavira akala. Akamweleza kwa upole kwamba hata wapiganaji wake wana watoto, na surua haiulizi mtoto ni wa nani. Jioni Radi akakubali kwamba daraja likijengwa, hatalipiga. Akiwa mtumbwini kurudi, mama huyo alitapika chakula chote.

Ndipo Paluku akaanza kazi. Hakuwa na vyuma, hivyo aliibomoa karakana yake mwenyewe na kutumia nguzo zake. Alining'inia juu ya maji siku arobaini. Nguzo moja ilimponda mkono wa kulia, akapoteza vidole vitatu. Daraja alilimalizia kwa mkono wa kushoto.

Daraja likasimama, lakini hakuna aliyethubutu kuvuka. Barabara ya ng'ambo ilikuwa imetegwa mabomu, na Radi alidai amesahau yalikofukiwa. Musafiri akaaga mkewe, akawasha lori, akaenda peke yake. Bomu moja lilirarua magurudumu ya nyuma na kumfanya kiziwi wa sikio la kushoto. Akatengeneza lori, akaendelea. Siku ya sita alirudi na chumvi na chanjo, na surua ikakoma.

Baada ya hapo serikali ikaonekana. Mjumbe wake alishuka kwa helikopta, akapigwa picha darajani, akakumbatiana na Radi, ambaye sasa alivaa suti. Mjumbe alieleza kwamba mkataba wa amani umetiwa saini mji mkuu, na Kasindiro imepewa viti vitano, kwa miaka mitano, katika baraza la jimbo, lile linaloamua habari za migodi na barabara. Vinne vilikuwa vya Radi na makamanda wake. Kimoja kilikuwa cha raia.

"Nitajieni mtu mmoja kabla sijaondoka," akasema. "Mkishindwa, Mheshimiwa Radi atatupatia jina."

Watu wakaanza kubishana. Wengine walisema bila Mama Kavira fundi angepigwa risasi siku ya kwanza. Wengine wakasema maneno matupu hayavushi lori, kiti ni cha Paluku. Wengine wakashikilia kwamba daraja lisilopitwa na mtu ni pambo tu, na aliyelipita ni Musafiri.

Wakaulizwa wale watatu wenyewe.

"Nilikula na Radi siku moja," akasema Mama Kavira. "Mnataka nile naye miaka mitano?"

Paluku akasema kwamba yeyote atakayekaa pale atakuwa shahidi wa wizi wa Radi na makamanda wake, na kwamba yeye angeona afadhali kiti kibaki kitupu.

"Hakitabaki kitupu, fundi," Musafiri akamjibu. "Tazama kule."

Wakageuka. Watu wa Radi, katika sare mpya za serikali, walikuwa wakifunga kamba kukatiza daraja. Mwanamke mwenye kapu la mihogo alikuwa amesimamishwa mbele ya kamba hiyo, nao walikwisha kujichagulia mihogo.

Panga za helikopta zikaanza kuzunguka. Mjumbe akatoa kalamu, akasubiri.

Ninyi mnaonisikiliza, kalamu ile inasubiri neno lenu. Ungemtaja nani kati ya hao watatu? Au ungenyamaza, ukijua nani atasema badala yako? Je, wewe ungeamua vipi?