Kijineno cha Kituoni

Mwiba ni kitu kidogo, lakini anayeukanyaga na kuupuuza huja kuuguza mguu mzima. Yaliyompata kijana mmoja yanatosha kuwa ushahidi.

Kijana huyo alikuwa akisoma Kijapani ugenini kwa jasho la kaka yake, fundi wa kuchomelea vyuma aliyemtangulia huko. Kuongea alijua, ulimi wake ulikwenda kama cherehani mpya. Ndiyo maana siku mwalimu alipoandika ubaoni “ni yori”, yeye alipiga miayo.

“Hii ni lugha rasmi,” mwalimu alieleza. “Huonyesha chanzo: kwa sababu ya mvua. Huonyesha pia njia: kwa kutumia kamba. Sikilizeni kinachofuata, ndipo mtajua ni ipi.”

“Mwalimu, nani anaongea hivyo sokoni?” kijana alitania. Darasa likaangua kicheko. Zoezi hakuligusa.

Baadaye kaka akaugua koo. Madaktari wakasema uvimbe utaondolewa pamoja na sauti.

“Njoo kabla sijapasuliwa, mdogo wangu,” alimwambia kwa simu, sauti ikikwaruza. “Nina neno lako. La simu silo.”

Siku ya upasuaji kijana alidamka, akapanda treni. Katikati ya safari ikasimama, abiria wakateremshwa. Kipaza sauti kikatangaza: “Jiko ni yori…” kisha “Basu ni yori…” “Jiko” kwa Kijapani ni ajali, “basu” ni basi, hayo aliyajua; ya “ni yori” alikumbuka “kwa sababu ya” tu.

“Kumbe basi ndilo limesababisha ajali,” alijisemea, akaketi kungoja njia ifunguliwe. Wenzake walitoka nje makundi kwa makundi. Akadhani wamekata tamaa. Kuuliza aliona haya. Kituo kilipobaki kitupu ndipo alipomwendea karani wa tiketi.

“Mabasi ya kuwapeleka yameshaondoka,” karani alishangaa. “Si tumetangaza? Treni zimesimama kwa sababu ya ajali, abiria wanasafirishwa kwa basi.”

Kijana akatoka mbio kutafuta teksi.

Alifika hospitali mlango wa chumba cha upasuaji umeshafungwa. Kesho yake alimkuta kaka kitandani, shingo imefungwa bendeji. Kaka akafumbua kinywa. Ikatoka pumzi tu.

“Nisamehe, kaka. Ulitaka kuniambia nini?”

Kaka akaomba kalamu, akaandika polepole: “Hakuna siri. Nilitaka kukuita jina lako, ulisikie.”

Kijana alikilaza kichwa kwenye shuka, akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Kijapani amekijua sana siku hizi, hata hicho cha matangazo, lakini sauti ile hairudi. Hakika, mdharau mwiba mguu huota tende.