Siku Ngiri Alipopimwa Kazi

Paukwa!

Pakawa!

Masikio mmenipa?

Tumekupa, usituchoshe!

Haya. Hapo kale Ngiri alikuwa na shamba kubwa la viazi, na tumbo kubwa kuliko shamba. Kila asubuhi alitangaza kazi. Kila asubuhi wanyama walipanga foleni. Na kila aliyefika aliambiwa, "Chimba kwanza nikupime." Basi mtu huchimba, fuku! fuku! fuku!, mpaka jua linapinda. Hapo Ngiri hupiga mwayo: "Mikono unayo, ila uzoefu huna. Mwingine!" Shamba likalimika lote, na hakuna aliyeajiriwa.

Nguchiro, yule mdogo wa mwili, alipimwa mara tatu. Mara ya tatu aliona aibu kurudi mikono mitupu, akamdanganya mama mkwe wake: "Nimepata kazi, mama. Nasimamia shamba." Bibi wa watu akafurahi, akawatangazia majirani wote. "Kesho kutwa nakuja kuliona," akasema. Nguchiro alitamani ardhi ipasuke immeze. Shamba alilokuwa nalo ni lake mwenyewe, nalo lilikuwa kichaka.

Kesho yake akajipaka majivu usoni, akachukua jani la mgomba na kijiti, huyoo kwa Ngiri. Majivu yenyewe aliyapoteza bure, maana Ngiri hakuwahi kuzitazama sura za waomba kazi.

"Hodi, mzee! Natafiti ajira. Naandika nani ana kazi, nani ana ujuzi, nani anaajiri."

"Andika naajiri wote."

"Nimeandika. Sasa anatafutwa msimamizi wa viazi vya bonde zima. Awe na ujuzi kupita wote."

Ngiri udenda ukamtoka. "Si ndiye mimi!"

"Nitajuaje? Chimba kwanza nikupime."

Akampeleka kwenye kile kichaka. Ngiri akachimba, fuku! fuku! fuku!

"Na kisiki kile?"

Fuku!

"Na kule pembeni?"

Fuku! fuku!

Jua likapinda. Nguchiro akalitazama jani lake, akapiga mwayo. "Meno unayo, mzee, ila uzoefu huna. Mwingine!"

Ngiri alitaka kunguruma. Lakini amshitaki nani, na kwa maneno gani? Maneno yalikuwa yake mwenyewe. Akaondoka kwa aibu, na ule mkia wake unaosimama siku zote, siku hiyo ulilala.

Asubuhi mama mkwe akafika, jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Shamba limependeza! Hata mimi nimechoka kukaa bure nyumbani. Kwako hapa sipati kazi?"

Nguchiro akafungua kinywa amkaribishe. Kinywa kikasema, "Chimba kwanza nikupime."

Mama akamtazama. Akainua jembe taratibu. Fuku. Fuku.

Nguchiro akajifunika uso kwa lile jani, kisha akatumbukia kwenye shimo la kwanza aliloliona. Mpaka leo ukimtazama tu anazama shimoni. Watu husema ni mwoga. Si woga, ni aibu.

Ngano yangu imefika kizingitini. Tamu yake ondokeni nayo, chungu yake niachieni. Na fundisho? Utafiti umekamilika: kazi bondeni zimejaa tele, wanyama ndio hawana uzoefu. Kwa hiyo chimbeni, msiulize. Na mwenye haya msimwajiri kabisa, kwa sababu haya haimo kwenye orodha ya ujuzi.